Nilivyoonea Wivu Samaki wa Bwana Yangu

Mama na baba, ndugu zangu wa kikundi hiki, nimesimama niwatolee ushuhuda wangu. Kama mutacheka, mucheke, hakuna neno. Minye mwenyewe nimekwisha kucheka sana juu ya mambo haya. Lakini siku zile sikucheka hata kidogo. Nilikuwa napoteza bwana yangu, na aliyekuwa ananinyang'anya ni samaki.

Hapana, musinitazame hivyo. Samaki kweli, mwenye kuogelea, mudogo kama kidole cha mwisho.

Wengi wenu munajua, bwana yangu alifanya kazi kiwandani miaka mingi. Kisha kifua kikamukatalia, daktari akamuambia apumzike. Mutu aliyezoea kuamka na king'ora cha kampuni, sasa anashinda kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Nikileta chakula anakula, nikimuuliza neno anatikisa kichwa. Nikasema ni huzuni ya kazi, itapita.

Kumbe akakutana na mwalimu mumoja Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Yule alipenda sana visamaki vya madimbwi ya mvua, vile vya upande wa muto Lufira, vyenye kupatikana mahali pachache tu. Akamuachia bwana yangu kisanduku cha kioo na samaki ndani, akamuonyesha namna ya kuvizalisha. Dume ni jekundu, mapezi ya bluu, limependeza kama kitenge kipya. Jike ni la kijivu tu, kama minye.

Basi mutu asiye na sauti akapata sauti! "Mama kidogo, umeamuka? Umelala muzuri?" Ni jike la kijivu linaulizwa hivyo. Minye nasimama mulangoni na sufuria, hakuna anayeniuliza kama nimelala. Mwezi wa sita, baridi ile munayoijua, kisanduku kinawekwa karibu na mbabula ya makaa, minye nasukumwa kando ya moto wangu mwenyewe. Alifuga hata mabuu ya mbu ndani ya ndoo ili samaki wake wapate kula, majirani wakatutukana. Siku moja homa ilinilaza, hakuiona. Jioni ile akasema kwa masikitiko, "Huyu dume leo hakukula."

Ndugu zangu, nawaambia ukweli, niliona wivu kweli kweli. Mwanamuke mwenzako unajua pa kumushika. Unaenda kwake, munatukanana, munavutana nywele, watu wanawaachanisha, roho inapoa. Samaki utamuvuta nini? Dada yangu akanicheka: "Weye iko na akili kweli? Wenzako mabwana wao iko na bibi ya pembeni, weye unalia juu ya samaki!" Nikamujibu, "Afazali bibi ya pembeni. Ule ningemushinda kwa kupika."

Visamaki vile havidumu. Kiangazi kilipokolea vikafa kimoja kimoja, nami nikasema moyoni, sasa atarudi kwangu. Wapi! Alichota tope lililolala ndani ya kisanduku, akalikamua maji, akalitia katika chungu cha zamani nyuma ya jikoni, akafunika na kitambaa. Hakuniambia ni kitu gani. Na minye, kwa hasira, sikumuuliza.

Ikafika salongo, ile kazi ya wote ya kusafisha mutaa. Mukubwa wa barabara akapita nyumba kwa nyumba, akisema Jumamosi kila mutu afagie, apake ukuta wake upya. Ukuta wa jikoni yangu ulikuwa aibu tupu. Sasa minye ni mutoto wa Lufira, na mama yangu alinifundisha: chini ya ukuta unapiga mustari wa tope jeusi, hapo ndipo nyumba imevaa. Nikatafuta tope jeusi huku na huku. Nikakiona chungu. Aa, tope laini, halina jiwe hata moja, na lilikuwa bado na unyevu wake. Nikapiga mustari muzuri sana, nikasimama mbali nikijisifu.

Mvua ya kwanza ilipoanguka, bwana yangu akatoka mbio na beseni. Nikamuona ameshika chungu kitupu.

"Udongo iko wapi?"

"Nilipaka nayo ukuta."

"Mayai ilikuwa mule."

Mayai! Minye nimekula samaki tangu sina meno. Yai la samaki likikosa maji limekufa, nani asiyejua? Akanieleza polepole kwamba hawa wa madimbwi ndivyo wanavyoishi: dimbwi linakauka, mayai yanangoja ndani ya tope, mvua inayaamusha. Ulikuwa mwaka muzima hajaniambia maneno mengi hivyo. Kisha akamaliza: "Ulifanya juu ya wivu." Nikaapa kwamba sikujua. Lakini nilikuwa nimelia wivu wangu kwa kila mutu pale bombani, sasa nani ataniamini? Akakunja blanketi yake, akaenda kwa kaka yake, kule mutaa wa Kikula.

Bamama wawili wa kikundi hiki walinikuta nimekaa chini mbele ya ule ukuta. Siwataji, wanajijua, na mumoja amekwisha kuinamisha kichwa pale. Hawakunihubiria. Mumoja akauliza, "Ule mustari, mvua imeufikia?" Haikuufikia, paa lilikuwa limeufunika. "Basi leta kisu."

Tukakwaruza. Nisiwafiche, hata wakati ule wivu ulikuwa unaninong'oneza: acha vife, umalize habari. Lakini nikafikiri, vikifa nitabaki na kitanda kitupu. Nikaendelea kukwaruza. Tukatia lile vumbi katika beseni la maji ya mvua, tukafunika.

Asubuhi nikainama juu ya maji machafu, sikuona kitu. Halafu kitu kama unywele kikaruka. Kilikuwa na macho! Na kingine kule, na kingine.

Nikavichota katika glasi, nikatembea mpaka Kikula, mukono juu ya glasi. Bwana yangu alikuwa uani. Akainua glasi kwenye mwangaza, akatazama, akatazama. Nikasema moyoni, haya, sasa atavisalimia. Akaishusha, akaona vidole vyangu jinsi kisu kilivyovifanya.

"Umekwaruza ukuta muzima?"

"Muzima."

Akanivutia kiti. "Umekula?"

Mama na baba, ni hilo tu. Nililia pale uani kama mutu aliyefiwa.

Nawashukuru bamama wale na kisu chao. Namushukuru shemeji yangu wa Kikula, aliyemuambia bwana yangu, "Bibi yako amekuja na miguu, weye unangoja nini?" Na fundisho langu ni hili: mwenye wivu anachungulia sana, lakini hana swali. Kile chungu kilikaa nyuma ya jikoni yangu kiangazi kizima, na kusema tu "Hiki ni nini?" kungetosha. Naye, yuko pale nyuma ananisikia, angeweza kuniambia bila kuulizwa. Muulizane nyumbani, ndugu zangu.

Musifikiri wivu umekwisha. Visamaki vimejaa tena, na mutu yule bado anavisemesha. Leo asubuhi, tukiwa tunavaa, nikamukumbusha kwamba havijapewa chakula.

"Itangoja," akasema. "Leo tunaenda kusikia weye."

Basi nimemaliza. Aksanti kwa kunisikiliza.