Maisha ya Crispus Ombati, Fundi wa Miavuli Mifupi

Marehemu Crispus Ombati alizaliwa tarehe 9 Machi 1974 kijijini Ichuni, karibu na Keroka, Kenya, mtoto wa tatu wa mzee Phineas Ombati na mama Millicent Bosibori. Alizaliwa mbishi. Mama anasema hata titi alilikataa siku mbili, mpaka alipoona hakuna kingine.

Alisoma shule ya msingi ya kijijini hadi darasa la nane, mwaka 1989. Mwalimu wa hesabu alimwita mama akamwambia kijana ana akili, ila hakubali jibu lililoandikwa nyuma ya kitabu. Sekondari hakwenda. Alijifunza kutengeneza miavuli kwa fundi mmoja wa Kisii mjini.

Alifika Juba, Sudan Kusini, Februari 2011 na kufungua kibanda mtaa wa Malakia. Mwavuli mrefu wa mpini mmoja aliudharau. Alisema hata mjinga anaweza kuutengeneza, kwa sababu hauna pa kuvunjikia. Yeye alitaka ule unaokunjwa mara tatu ukaingia mkobani. Lakini kila mkunjo ni kiungo, na kila kiungo ni mahali pa upepo kuvunja. Waya za chuma zina nguvu, zinashika kutu. Za aluminiamu ni nyepesi, zikipinda zimepinda. Za faiba zinarudi zenyewe, ila ni nene na mwavuli hautaki kuwa mwembamba. Springi ya kufungua yenyewe inaongeza uzito. Tundu la juu la kupitisha upepo linataka kitambaa mara mbili. Yote hayo aliyajua, na akaendelea kufupisha. Siku moja Nyaduoth, karani wa ofisi ya jirani, alimrudishia mwavuli uliopinduka kama bakuli, yeye mwenyewe akichuruzika maji. Marehemu hata malesh, ile pole ya watu wa Juba, hakusema. Alimwuliza mbele ya watu: "Dada yangu, ulitaka kitu kifupi au ulitaka kukaa mkavu? Chagua kimoja." Nyaduoth alichagua fundi mwingine.

Tarehe 18 Aprili 2015 alimwoa Namutebi, fundi cherehani kutoka Masaka, Uganda. Mvua ya upepo iliwakuta nje ya kanisa. Marehemu alimfungulia bibi harusi kazi ya mikono yake, ikageuka hapo hapo, na nywele zilizosukwa siku nzima zikaisha. Alimweleza kwamba ameishika vibaya. Namutebi hakurudi kwao, na sisi tulishangaa. Kwa miaka kumi alimshonea vitambaa vya miavuli na hakuwahi kumwambia kwamba anahangaika bure. Hilo tulimwambia sisi.

Mei mwaka huu dada yake Kerubo, ambaye ndiye anayesoma haya, alinunua mkoba mpya akamtaka amtengenezee mwavuli wa kuingia humo. Ulizidi sentimita mbili. Crispus alisema ukipunguzwa tena utaharibika. Kerubo alimcheka mbele ya wateja, akasema fundi mzima ameshindwa na mkoba wa mwanamke. Basi akang'oa vile vifuniko vya plastiki vya ncha, akazikata waya kidogo, na mwavuli ukaingia. Ncha zilibaki wazi, za chuma, zenye kutu. Jumanne tarehe 27 Mei moja ilimwingia kiganjani alipokuwa akiukunja. Namutebi alimwomba aende achomwe sindano. Alijibu kwamba sindano yenyewe ni kubwa kuliko kidonda.

Jumamosi tarehe 7 Juni taya lilikakamaa. Muuguzi Natalina alimgeuza mkono, akaona kidonda, akasema ni pepopunda na tumechelewa. Crispus alifariki Jumatano tarehe 11 Juni 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka 51. Hakufa vizuri, na asiwadanganye mtu.

Alhamisi kaka yake Morris alifika kutoka Nairobi. Kabla hajavua koti, aliwaambia waombolezaji huku akimtazama Namutebi: "Mdomo wa mtu haufungwi na waya. Umefungwa na mtu, na mtu huyo tunamjua." Alimnyang'anya Namutebi ufunguo wa nyumba yao ya mtaa wa New Site. Ratiba hii ya mazishi ikatoka kwa mchapaji bila jina la Namutebi, kana kwamba watoto waliokotwa. Kerubo aliirudisha ikachapwa upya. Na iandikwe humu, kila mtu aende nayo nyumbani: Crispus aliuawa na waya wake, ubishi wake, na kicheko cha dada yake. Namutebi hayumo.

Ameacha mjane, Namutebi. Watoto wawili, Rita na Isaiah. Mama yake, Millicent. Dada yake, Kerubo. Na kaka yake Morris, ambaye ana ufunguo wa watu katika mfuko wa kushoto wa koti. Marehemu mwenyewe alisema azikwe hapa Rejaf, na kaburi liko tayari. Lakini udongo utasubiri mpaka ufunguo huo urudi mkononi mwa mjane. Kisha Crispus apate usingizi wake.