Nilisema Amepona

Nawasalimu nyote, wakubwa kwa wadogo. Leo naomba mnisikilize mkiwa mmeketi. Mara ya mwisho nilipopewa hii maikrofoni hapa kanisani mlicheza mpaka viti vikasogea, na ni kwa sababu ya siku ile nimerudi hapa mbele. Mnanijua, mimi si mtu wa maneno mengi. Mama watoto husema naongea na ng'ombe kuliko ninavyoongea na watu. Kwa hivyo nikikwama, mnivumilie.

Binti yangu mnamjua. Ameniomba nisimtaje jina, na leo amekataa kuja. Amesema, "Baba, enda tu wewe. Mimi sitaki kuangaliwa." Ana miaka kumi na sita. Haya yalipoanza alikuwa kidato cha pili, mrefu kama nguzo ya stima, na kwa netiboli hakuna shule ya huku haikumjua. Alikuja likizo akisema goti linamuuma. Nikamwambia ni huo mpira wako.

Ndugu zangu, nawaambia, mimi nilikuwa daktari wa hilo goti kwa miezi miwili. Nilichukua yale mafuta ya kukamulia, hayo tunayopaka ng'ombe matiti, nikawa nampaka asubuhi na jioni. Msicheke, hata nyinyi mnayo nyumbani. Hapa Dundori tunayapaka midomo ikipasuka, tunapaka miguu, tunapaka hadi watoto wakienda kanisani. Lakini goti lilizidi kuvimba. Nikampeleka kwa mama mmoja anayekanda watu mifupa. Alipoligusa tu, mtoto akapiga nduru. Yule mama akaondoa mikono na kuniambia, "Mzee, hii si ya kukanda. Peleka mtoto Nakuru, na usichelewe." Namshukuru mpaka leo, kwa maana angeweza kuendelea kukanda.

Huko Nakuru wakampiga picha, wakatoa kipande kidogo cha mfupa wakakipeleka kupimwa. Siku ya majibu daktari alituita ndani mimi na mama yake. Ni mwanamke kijana, mpole. Akatuambia ni kansa ya mfupa. Nikamwambia, "Daktari, hebu angalia faili tena, huyu ni mtoto." Akaangalia tena, kwa kuniheshimu tu, akanisomea jina la binti yangu lote, la kwanza hadi la mwisho. Mama watoto akalia. Mimi nikaanza kumweleza daktari habari za mvua na viazi, sijui kwa nini. Aliniacha niongee mpaka nikamaliza.

Mpango ulikuwa hivi: kwanza dawa kali za kansa, zile wanaita kemo, awamu kadhaa, halafu upasuaji. Alisema dawa zikifanya kazi vizuri, wanaweza kuondoa ule mfupa mbaya peke yake na mguu ukabaki. Hilo naomba mlikumbuke.

Zile dawa, wacha tu. Mtoto alitapika hadi akakosa cha kutapika. Nywele zikatoka zote. Lakini baada ya awamu ya tatu uvimbe ulishuka, na Jumapili moja akaingia kwa huo mlango akitembea bila fimbo. Mlimwona. Mimi pia nilimwona, na furaha ikanishinda. Nilisimama kabla hata sijaitwa, nikatangaza kwamba Mungu amemponya binti yangu, kansa imekwisha. Hakuna daktari alikuwa amesema hivyo. Ni mimi niliyeona uvimbe umepungua nikajisomea majibu mwenyewe. Mliimba, akina mama wakapiga vigelegele, wakamzunguka wakimshika mikono. Alikuwa anatabasamu, nami nikadhani ni furaha.

Wiki iliyofuata ilikuwa siku yake ya kliniki. Nikasema haendi.

Mtu asimlaumu mchungaji kwa hili. Hakuniambia tuache dawa, wala hakuna yeyote hapa aliyeniambia. Nilimwambia mama watoto kwamba kurudi hospitali ni kumkana Mungu mbele ya watu. Maneno matamu sana. Ukweli ni kwamba nilijiona nimesimama steji ya matatu na begi la hospitali, na nyinyi mnapita mkiuliza, "Kwani si alipona?" Niliwaogopa nyinyi kuliko nilivyoogopa kansa. Mama watoto alinigombeza, akanibembeleza, mwishowe akaacha kuongea na mimi kabisa. Daktari akipiga simu naiacha inalia. Tulikaa hivyo wiki tisa.

Kila asubuhi nilikuwa nikimuuliza mtoto, "Umeamkaje?" naye anajibu, "Niko sawa, baba." Nikisikia hivyo naenda kukamua nikiwa nimetulia.

Mchana mmoja tulikuwa tunachagua viazi, vya mbegu huku, vya kuuza kule. Magunia yakaisha, nikaenda stoo kuchukua mengine. Nikamkuta binti yangu ameketi chini nyuma ya mlango. Alikuwa ameuma mkono wa sweta yake ya shule, machozi yanatiririka, na hakuna sauti hata kidogo inayotoka. Goti alikuwa amelifunga kwa leso ya mama yake. Nilipoifungua nikaona limevimba kuliko mwanzo.

Nikamuuliza, "Hii imeanza lini?"

"Kitambo."

"Na mbona hukusema?"

Akatoa sweta mdomoni. "Si ulishaambia watu, baba. Ningekufanya muongo."

Nipeni dakika moja.

Nilikaa pale chini kando yake. Mtoto alikuwa amebeba maumivu yake peke yake, wiki baada ya wiki, ili baba yake asiaibike kanisani. Nilimwambia, "Muongo ni mimi. Simama twende." Hatukubadilisha hata nguo. Jirani mmoja aliwasha gari lake bila kuuliza swali, tukafika Nakuru na matope ya shamba miguuni.

Daktari hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza. Alimpiga picha upya, akatuambia sasa mguu hauwezi kuokolewa, utakatwa juu ya goti, kisha atarudishwa kwa kemo. Nikamuuliza, "Ningemleta ile siku ya kliniki, mngeuokoa?" Akasema, "Sijui, mzee. Pengine." Ndugu zangu, angesema ndiyo ningejua pa kulia, angesema hapana ningepumua. Alisema pengine, na ndiyo ninayoishi nayo.

Asubuhi ya upasuaji binti yangu aliomba beseni la maji na wembe. Akataka kuosha ule mguu mwenyewe. Aliuosha polepole, katikati ya vidole na kisigino, halafu akakata kucha moja moja. Akasema, "Usiende ukiwa mchafu." Alikuwa anauambia mguu. Mama yake alishindwa, akatoka nje. Mimi nilibaki nimeshika beseni, nikalia mbele ya mtoto wangu kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akaniambia, "Lia tu, baba. Lakini ukimaliza, weka sahihi kwa ile fomu ya upasuaji." Nikaweka.

Sasa anatembea kwa magongo. Picha za juzi zimeonyesha madoa mawili kwenye mapafu, na daktari anayafuatilia. Yanaweza kuwa kitu, yanaweza kuwa si kitu. Sikuja kuwaambia kwamba amepona. Sijui kama atapona. Naomba Mungu kila siku, na kila tarehe ya kliniki nampeleka. Mkiniuliza basi nimeshinda nini hata nisimame hapa, nitasema hivi: sasa nasimama steji mchana, begi la hospitali mkononi, na anayetaka kuangalia aangalie.

Nawashukuru akina mama mliokuja kuvuna viazi vyangu nikiwa wodini. Namshukuru jirani wa gari. Kuna mzee mmoja hapa aliyekuja akaketi nami kwenye benchi la hospitali siku nzima ya upasuaji bila kuniambia neno hata moja la kunifariji. Mzee, hujui ulinisaidia namna gani. Namshukuru daktari. Na mama watoto, mbele ya hawa wote, ulikuwa na haki, nami nilikukosea.

Sina mafundisho makubwa. Wazazi wenzangu, msiwahi kusema kwa niaba ya mtoto kwamba yuko sawa. Ukishasema wewe, yeye atapata wapi nafasi ya kusema vingine? Na mkija kumwona, msimwambie anaonekana vizuri. Muulizeni, kisha mngoje, hata akichelewa kujibu.

Jana jioni nilimuuliza, "Umeshindaje?" Akafikiria kidogo. "Vibaya, baba. Panauma hata pale mguu haupo. Na naogopa."

Nikaweka ndoo ya maziwa chini, nikaketi karibu naye. Nikamwambia, "Niambie yote." Akaniambia.