Siku Ng'ombe wa Maziwa Aliporudi

Mwangaluka, ndugu zangu. Mchungaji ameniomba niseme leo kwa sababu wiki ijayo mizani ya pamba inafunguliwa, na naona madereva wa malori wamekaa hapa mbele na matingo wao. Karibuni. Wengine mmeshaanza kuangalia saa. Vumilieni kidogo, mimi si mhubiri. Sitamtaja mtu jina, nitasema tu yaliyonipata.

Mume wangu alikuwa dereva. Alianza na lori la ushirika, enzi zile pamba ilipokuwa na mnunuzi mmoja. Halafu soko likafunguliwa, ushirika ukayumba, lori likawekwa juu ya mawe, naye akakaa nyumbani muda mrefu bila kazi. Walipokuja wanunuzi binafsi akaajiriwa tena. Wakubwa mnaikumbuka miaka ile, tulikuwa bado Mkoa wa Shinyanga. Malori yalikuja, lakini pamba ilikuwa nyingi kuliko malori, na kila kijiji kilitaka ya kwake ibebwe kwanza kabla mnunuzi hajabadili mawazo.

Hapo ndipo ilipoanza ile desturi. Lori likiingia kijijini, dereva hapewi chai. Anawekewa kigoda kivulini, analetewa pombe ya mtama, anachinjiwa kuku, ili moyo wake ufurahi apakie pamba ya hapo. Akitoka, kijiji cha mbele nacho kinamsubiri na pombe yake. Kukataa ilikuwa kama kuwatukana wenyeji. Nawaambia kweli, mume wangu nyumbani alikuwa hanywi kitu zaidi ya maji. Alikunywa kazini. Watu wakamsifu, "Huyu akishapata kidogo ndipo anaendesha vizuri." Na mimi nilisikia, nikaona nimeolewa na mwanaume hasa.

Siku hiyo alikuwa amepita vijiji kadhaa, na chetu kilikuwa cha mwisho. Alipotaka kupanda lori mguu ulikosa ngazi, watu wakacheka, akacheka nao. Juu ya pamba alipanda binti wa jirani yetu, aliyekuwa amemaliza darasa la saba. Alikuwa anakwenda Bariadi kwa shangazi yake kujifunza cherehani. Mama yake alisimama kwenye dirisha la lori akasema, "Baba, unifikishie mtoto." Mume wangu akamjibu, "Ondoa shaka, mayu, mama yangu."

Hawakufika. Jua lilikuwa bado juu, barabara kavu, hakuna gari lililokuja mbele yake. Kwenye kona ya kushukia mtoni, yeye alinyoosha tu. Lori likalala ubavu na pamba yote ikamfunika yule binti. Mume wangu alitoka bila mkwaruzo, akaanza kuichimba pamba kwa mikono huku anamwita. Watu waliokuja kusaidia walipomfikia, alikuwa ameshakufa.

Polisi walimnusa tu wakajua, ila walimpeleka hospitali akatolewa damu ikapimwe, kisha wakamweka ndani.

Sasa sikilizeni tulivyokosea, sisi kwa namna yetu ya kisukuma. Shemeji zangu walikwenda kukaa na baba wa marehemu, wakakubaliana ng'ombe. Walitoa wote zizini, hata yule wa maziwa. Tukaamini yamekwisha. Mimi nilifua shati la mume wangu, nikaenda nalo mahakamani ili avae wakati wa kurudi nyumbani. Na kweli, baba wa marehemu mwenyewe alisimama akasema, "Mheshimiwa, sisi tumeshamalizana."

Hakimu alimsikiliza mpaka mwisho, akampa pole. Kisha akasema, "Mzee, ng'ombe ni mambo yenu ya nyumbani. Kesi hii ni ya Jamhuri. Mtu ameendesha gari akiwa amelewa, na binadamu amekufa." Mume wangu akafungwa, na leseni akanyang'anywa. Tajiri wake hakutokea siku hata moja, alituma tu mtu kuulizia lori. Nilirudi na lile shati, bado limekunjwa.

Ndugu zangu, nilichakaa. Zizi tupu, mume jela, watoto wanakunywa uji mweupe usio na kitu. Wale waliomjazia kibuyu ndio waliokuwa wa kwanza kusema alikuwa mlevi. Lakini yote hayo ningeyabeba. Nililoshindwa ni kukutana na mama wa yule binti. Tulichota maji kisima kimoja. Nikawa nakwenda saa ya jua kali, wakati hakuna mtu, ili nisimwone usoni. Mwishowe nikafunga vitu vyangu nirudi kwa wazazi wangu, nikafie huko.

Asubuhi ya kuondoka nikamwona anakuja, anaswaga ng'ombe. Nilijua amekuja kunitukana, na nilikuwa tayari.

Akanisalimia kama siku zote. Akasema, "Nimemrudisha huyu. Ana maziwa."

Nikamwambia, "Mama, huyo ni wenu. Wanaume walikubaliana."

"Mimi hawakuniuliza," akasema. "Kila nikimkamua nalia. Nikinywa maziwa yake naona kama namnywa mwanangu. Na hawa watoto wako hawakuendesha lori."

Nikakaa chini. Naye akakaa. Tulilia pale mavumbini mpaka ng'ombe akaanza kula majani ya paa la jiko langu. Halafu yule mama akauona mzigo wangu mlangoni, akaufungua mwenyewe. Akasema, "Usiondoke. Ukienda, nitabaki na nani anayejua?"

Sikuondoka. Tulilima pamoja, shamba lake na langu. Mume wangu alipotoka jela alikwenda kupiga magoti mlangoni kwake, na yule mama alimwacha apige magoti kwa muda mrefu sana. Mpaka leo hajamwambia kwamba amemsamehe, na mume wangu hajathubutu kuuliza. Usukani hakuushika tena. Anabeba pamba kwa mkokoteni wa ng'ombe, na akifika kwenye kona ile anashuka na kutembea.

Nawashukuru akina mama wa kanisa hili waliokuja kunipalilia bila kuitwa. Namshukuru Mungu kwa huyo mama kuliko ninavyoweza kusema. Na ninyi mnaowapokea madereva, ukimpenda dereva mpe chai, mpe uji, mpe hata kuku mzima, pombe mwekee hadi atakapokuwa hana safari. Ninyi madereva, heshima ya wenyeji isiwaue watoto wa wenyeji. Jamhuri haipokei ng'ombe.

Yule mama yupo humu ndani leo. Wiki ijayo mtamkuta mizanini kwetu, mama mzee mwenye chupa ya chai. Kabla hamjawasha gari atawasogelea na kuwaomba mmpulizie usoni. Msimcheke. Inameni, mmpulizie. Kijijini kwetu lori haliondoki mpaka yeye aseme liende.