Fabiani Bonaventura na Mteremko wa Vugiri

Utekelezaji wa Maagizo ya Kubana Matumizi ya Dizeli kwa Malori ya Ushirika Yashukayo Milima: ndilo jina kamili la jambo lililotukutanisha hapa, ndugu waombolezaji.

Marehemu Fabiani Bonaventura alizaliwa Mazinde tarehe 4 Machi 1936, mtoto wa manamba aliyekuja kukata mkonge kwa mkataba mmoja na asirudi kwao tena. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaanza utingo mwaka 1953, akapata leseni mwaka 1961, na alipenda kusema kwamba yeye na nchi walikabidhiwa usukani pamoja. Mwaka 1962 alifunga ndoa na Rosa, wakajaliwa watoto wanne. Mwaka 1974 alihamisha kaya za Handeni kwenda vijiji vya ujamaa, milango na mbuzi juu ya lori, akiitwa majina tusiyoweza kuyasoma mbele ya padri.

Mwaka huu wa 1980, dizeli ilipoadimika, ushirika uliagiza injini zizimwe mteremko wote wa Vugiri. Madereva walijua kwamba breki za upepo hulishwa na injini, basi wakazima mbele ya ofisi, wakawasha nyuma ya kona ya kwanza, na taarifa ya ofisi ikasifu akiba kubwa iliyopatikana.

Tarehe 9 Agosti, Katibu Mwinjuma wa ushirika alipanda lori kando ya Fabiani aione akiba hiyo kwa macho. Kwenye kona ya kwanza Fabiani alishika ufunguo awashe. “Acha, mzee, unataka kuniaibisha wilayani?” “Katibu, huku chini breki haina rafiki.” “Hiyo ni amri.”

Alifariki hospitalini Korogwe tarehe 14 Agosti, kifua kimepondeka, akiwa amemwambia mkewe, “Rosa, wanangu wasije wakaitwa watoto wa mzembe.”

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, madereva wenzake, na jirani yetu Mzee Mbaruku na vijana wa msikitini waliochimba kaburi. Ofisi nayo ilituletea sentensi ya kusoma hapa, “gia ilimponyoka dereva”. Tunaishukuru kwa karatasi.

Pumzika kwa amani, Fabiani, mteremko umekwisha.

Injini ilizimwa kwa amri, upepo wa breki ukaisha kwenye kona ya tatu, naye Fabiani akaligongesha lori ukingoni kwa upande wake mwenyewe, Katibu akavunjika mkono tu.