Maisha ya Mama Diski, Mtunza Mafaili ya Hospitali

Marehemu, ambaye hospitali nzima ilimwita Mama Diski, alizaliwa tarehe 12 Agosti 1963, mtoto wa tatu kati ya watano. Mkunga alimchapa kofi ili alie. Yeye akamtazama tu, kama mtu anayedai sababu. Alilia kesho yake, alipopata nafasi.

Alimaliza sekondari mwaka 1981. Lakini ufundi aliuanza mapema: akiwa darasa la pili aliifungua redio ya baba yake, akaifunga, skrubu tatu zikabaki mkononi, na redio ikaanza kushika stesheni za nchi ambazo hazijazaliwa. Baba yake alikusudia kumchapa, lakini taarifa ya habari ilikuwa imenoga. Mwaka 1984 alihitimu chuo cha ufundi, mwanamke peke yake kati ya wanafunzi thelathini na mmoja, akaanza kazi katika karakana ya redio.

Huko ndiko mwalimu mmoja wa hesabu alikopeleka redio yake mara nne kwa mwezi mmoja. Mara ya nne marehemu alimrudishia bila kuigusa skrubu. "Mwalimu, redio hii haiumwi. Anayeumwa ni mwenyewe." Walifunga ndoa tarehe 15 Oktoba 1988, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 2 Machi 1998 aliajiriwa na hospitali kutunza seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi mafaili ya wagonjwa wote. Asubuhi ya Jumatatu, 9 Mei 2011, diski moja kati ya nane ilikufa. Mashine ile huvumilia kufiwa na diski moja. Zikiondoka mbili, mafaili elfu arobaini yamekwenda na maji. Kioo kiliandika: diski namba tatu. Taa za sanduku lenyewe, za kuonyesha diski iliyokufa, zilikuwa zimeungua siku nyingi. Mganga mkuu, foleni ikiwa imeshafika getini, alihesabu kwa kidole, akaishika ya tatu, akamwambia marehemu aichomoe au aandike barua ya kuacha kazi.

Marehemu alimjibu kwa adabu zote.

"Daktari, mashine huanza kuhesabu na sifuri. Ya tatu yake ni ya nne yetu. Ukichomoa hiyo nzima, leo tumezika mji. Karatasi lete, lakini mkono toa."

Mkono ukatoka. Alifungua daftari ambamo aliandika namba ya kila diski siku aliyoiweka, akasoma mara mbili, ndipo akachomoa ya nne na kuingiza mpya. Zile saba zilimjaza mgeni yote ya mwenzao aliyekufa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Muda wote huo alikaa na kiti chake mlangoni. Hata nzi waliulizwa wana shida gani. Halikupotea faili hata moja. Mganga mkuu alirudi na chai, barua hakuitaja tena.

Novemba 2022 moyo ulianza kumsumbua, akakatazwa ngazi. Seva ilikuwa ghorofa ya pili. Akasema basi seva ndiyo ishuke. Na kweli ikateremshwa. Alistaafu Agosti 2023. Alifariki Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mwalimu wake.

Ameacha mama mzazi, mume, watoto watatu, wajukuu wanne, ndugu wanne, na watu elfu arobaini ambao wengi wao hawakumjua, lakini kesho wakifika dirishani watakuta majina yao yapo.

Apumzike kwa amani, na asitokee wa kumharakisha.