Sanduku la Thiaumont

Firmin alijigamba kwamba Ufaransa nzima hakuna anayejua kujifanya amelala kama yeye. Ndani ya basi liendalo Verdun, kwenye makaburi ya vita, akafumba macho, akawategea sikio wanawake wawili wa kiti cha mbele. Hawakujuana, ila kila mmoja alipakata shada la maua.

"Mwanangu Anselme yumo kwenye sanduku la Thiaumont," alisema mwenye nywele nyeupe. "Mifupa yote ya askari wa mahandaki ya huko imewekwa humo."

"Samahani, mama. Humo yumo mume wangu."

"Nani kakudanganya, binti? Nimekuwa nikilibusu sanduku lile tangu lilipowekwa!"

"Hata mimi. Mume wangu naye alifia Thiaumont."

Firmin mwenyewe alishachanganyikiwa, hajui amuunge mkono nani.

"Kwa hiyo wamo wote?"

"Wote, mama. Mabomu yaliwakoroga na tope, nani angewatenganisha?"

"Sasa mimi nambusu nani? Mumeo?"

"Na mimi mwanao. Mbona sijalalamika?"

Basi likasimama, lakini hakuna aliyeinuka. Bibi mwenye nywele nyeupe akageuka nyuma.

"Na wewe kijana uliyelala, wako humo ni nani? Machozi yamekufika kidevuni."