Kitanda cha Daktari Oloo

Treni ya jioni ilijaa. Mzee mmoja alikuwa ameketi mbele yangu, na mama mwenye mkongojo amesimama kando yake. Mimi nilijifanya nimelala, kama kijana yeyote mwenye kiti.

"Zahanati ya Daktari Oloo wamebomoa," mzee akasema. "Yule ndiye alikuwa daktari! Wakati wa kupigania uhuru, babangu alipigwa risasi. Oloo akamlaza wodi ya wazazi, akamfunika leso, akamwambia alie kama anajifungua. Askari wa mkoloni wakaona haya, wakaenda zao."

"Kumbe alikuwa babako!" mama akasema. Nikafungua jicho moja. "Kitanda kilikuwa cha mamangu. Mimi nilizaliwa sakafuni, babako huko juu akilia uchungu wetu."

"Lakini uhuru tulipata, mama."

"Mlipata, mkaukalia. Huyo Oloo alivua koti lake jeupe, akanifunika nalo. Mamangu alilihifadhi mpaka akafa. Na bado sijui kama nimsamehe."

Mzee akainuka polepole, akapangusa kiti kwa kofia yake. "Kaa basi, mama."

Treni ikasimama. Tulikuwa tumefika Kibera, kituo chetu sote.